Watu wa Dago na Nyumba Zinazotembea

 Wengi wenu mji huu wa Bagamoyo mnaujua kwa siku moja tu: mlikuja katika gari la hija, mkauona mnara na mbuyu, mkanunua samaki wa kukaanga, mkarudi zenu Dar es Salaam kabla jua halijachwa, maana ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Safari hii sitawapeleka mnarani, ila kwa kupita. Nataka kuwaeleza habari za watu wakaao pwani hii bila kukaa, ambao nyumba yao ni chombo, au gari, au kibanda cha kujenga leo na kuvunja kesho. Nina sababu ya kuandika, nayo ni mtoto wa kike wa mdogo wangu. Habari yake itafika mahali pake.

Mwezi wa Januari nalikuwa na safari ya kwenda dago kumwona huyo mdogo wangu. Jioni ya kuamkia safari nalishuka ufukoni kuulizia chombo, na chini ya mivinje nikaona gari kubwa jeupe, mfano wa lori, lakini mgongoni limebeba nyumba yenye madirisha na pazia. Mbele yake walikaa Wazungu wawili wazee, mume na mke, juu ya viti vya turubai, wakimenya viazi. Yule mzee akaniamkia "Shikamoo", mimi niliye mdogo kwake kwa miaka ishirini na zaidi. Nikaona haya, nikacheka, nikamrudishia shikamoo yake, naye akaipokea pasipo kujua tumefanya nini. Basi tukazungumza Kiingereza, mimi kwa kusuasua.

Walikuwa walimu kwao, wakastaafu, wakauza nyumba na kununua gari lile. Huu ni mwaka wa nne hawana nyumba nyingine. Yule mama alinikaribisha ndani, akanionyesha kila kitu kama bibi arusi aonyeshavyo vyombo vyake. Mlikuwa na kitanda kimoja, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ndogo, na vitabu vilivyofungwa kamba rafuni visije vikaanguka njiani. Juu ya paa wameweka vioo vya kukusanya nguvu za jua. Tangi lao la maji ni lita 120, na wawili hao wakijizuia huwatosha siku sita. Ukitaka kuvuta droo ya vijiko, sharti kwanza ufunge mlango wa choo. Mwenye kusema kwamba maisha hayo ni ya uvivu hajaona jinsi yule mzee alivyofua shati lake kwa kikombe cha maji.

Nikauliza, fedha mwapata wapi? Wakasema malipo yao ya uzeeni huingia benki kila mwezi, hata wao wakiwa porini. Barua zao hupelekwa kwa binti yao, na anwani ya binti ndiyo anwani yao. Nikauliza, mkiugua je? Wana bima, watapanda ndege. Nikauliza, mkifa je? Mke akacheka. Mume hakucheka. Akaendelea kumenya kiazi chake hata kikawa kidogo mno.

Usiku ule majirani zangu walikwisha kuamua kesi barazani: wazee wale wamefukuzwa na watoto wao. Mimi nikawatetea, lakini sikuaminiwa, maana kwetu mzee mwenye kulala garini ni mzee asiye na mtu. Na kusema kweli, neno hilo si la uongo kila mahali. Yule mama alinieleza habari za Marekani, nami baadaye nikaziona katika kitabu cha mwaka wa 2017 cha mwandishi Jessica Bruder. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka wa 2008, wako wazee huko waliopoteza nyumba zao, au wakaona malipo yao ya uzeeni hayatoshi kodi, wakahamia katika magari. Wakaanza kufuata kazi za majira. Wakati wa joto walitunza viwanja vya kambi katika misitu ya serikali, majira ya mavuno walivuna viazi vya sukari, na kabla ya Krismasi walipakia vifurushi katika maghala makubwa, watu wenye umri wa miaka sitini na sabini. Nalipoyasoma hayo nalisema moyoni, kumbe hata Marekani wana dago.

Tena wenyeji wa Bagamoyo hatupaswi kushangaa sana. Mji wetu ulijengwa na watu wa kupita. Kabla ya reli, wapagazi walishuka hapa kutoka bara maelfu kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi, wakiwa na pembe za ndovu, kisha wakapanda tena na nguo, shanga na masango ya shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Kikosi cha mwisho cha Stanley kiliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, kikafika Unyanyembe, karibu na Tabora, tarehe 23 Juni, na hapo walikuwa bado kufika Ujiji. Mtu aliyekwenda na kurudi hivyo mara moja, kisha mara ya pili, nyumbani kwake ni wapi? Wengi walifuatana na wake zao, waliochukua vyungu na watoto, wakapika jioni na kuondoka alfajiri. Na vibanda vya nyasi walivyojenga njiani havikuvunjwa: msafara mmoja ulivihama, mwingine ukavikuta na kulala. Jengo lile liitwalo Caravan Serai, ambalo sasa ni makumbusho, wageni hulitazama kama nyumba ya wafanya biashara. Mimi nikilipita huwawaza wale wanawake wa vyungu, ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Hata mnara wa misheni, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka wa 1868, una habari ya namna hiyo. Februari 1874 ulilazwa humo usiku mmoja mwili wa Livingstone, aliyefariki Mei 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia. Chuma na Susi na wenzao waliuchukua kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500. Watu wale hawakuwa na haja ya kurudi pwani kwa njia ngumu hivyo. Lakini waliona kwamba mtu hawezi kuachwa azikwe mbali na kwao, hata kama yeye mwenyewe maisha yake yote alikuwa mtu wa njiani.

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Tabora mwaka wa 1912. Kazi ya wapagazi ikakoma, na Bagamoyo ikabaki na nyumba kubwa na watu wachache. Lakini bahari haikujengewa reli, na watu wake wa kuhamahama wapo hata leo. Na sasa twende dago.

Neno lenyewe ni la zamani. Ago ni kituo cha wasafiri, na dago ni hilohilo, ila wavuvi wamelifanya kuwa lao. Mvuvi akiona samaki wa kwao wamepungua, au upepo umegeuka, huchukua nyavu, sufuria na mkeka, huenda kupiga kambi penye samaki, mwezi, au miezi mitatu, au msimu mzima. Wapemba wa Kojani wanajulikana sana kwa mtindo huo, nao hufika hata pwani ya Kenya. Watu wetu wa kutoka Kunduchi, Mbweni, Mlingotini na Bagamoyo huenda kaskazini, penye milango ya mito ya Ruvu na Wami, ambako maji ya mto hukutana na ya bahari na kamba hukulia katika mikoko, au huenda mbele zaidi hata Saadani na Pangani.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, maji yamejaa, kwa kuwa ulikuwa mwezi mwandamo na bamvua. Kaskazi ilikuwa ikitupiga usoni, tanga halikufaa kitu, nahodha akawasha mashine. Jua lilipochomoza tulikuwa tumeacha mashamba ya chumvi nyuma, na ufuko wote upande wa kushoto ni mikoko tu, haina mlango wala dirisha. Nalitapika mara mbili. Baharia mmoja kijana akaniambia, "Mwalimu, usitazame maji, tazama nchi." Nikatazama nchi, nikatapika mara ya tatu.

Dago lenyewe ni vibanda kama arobaini juu ya mchanga, kati ya bahari na mikoko, vya miti, makuti na turubai za buluu. Mashua na ngalawa zimelala mbele. Nyuma pana vichanja vya dagaa na mapipa ya kuwachemshia. Maji ya kunywa huletwa kwa madumu, na ya kufulia huchimbwa mchangani, nayo yana chumvi kidogo. Kibanda cha mdogo wangu kilikuwa cha hatua tano kwa nne. Mlikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, kioo kidogo cha jua cha kuwashia taa na kutia simu moto, na vyombo vimetundikwa vyote juu, maana bamvua likizidi maji huingia mlangoni. Nikakumbuka ile droo ya vijiko. Watu hawa wawili, yule mama wa garini na shemeji yangu, wangeelewana vizuri sana kama wangekutana.

Msidhani dago ni mahali pasipo sheria. Mgeni huenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa kamati ya ufuko, akitoa barua ya alikotoka. Kisima hakichafuliwi. Wavu wa mtu hauguswi hata ukikutwa unaelea. Chombo kikichelewa kurudi, vingine vyote hutoka kukitafuta, hata cha mtu mliyegombana naye jana. Wazee husema dago halinyewi, maneno ambayo sitayaeleza zaidi katika gazeti la nyumbani. Maana yake ni kwamba mahali ulipolala leo utaparudia, au mwanao atapakuta.

Lakini sheria ya fedha ni ngumu. Wakirudi na samaki, kwanza hutolewa gharama: mafuta, barafu na chakula. Kilichobaki hukatwa sehemu mbili, moja ya tajiri mwenye chombo na nyavu, moja ya mabaharia wote pamoja. Hiyo ni desturi ya chombo cha mdogo wangu, vingine vina desturi nyingine. Kabla ya kuondoka nyumbani alikwisha kuchukua fedha kwa tajiri ili kulipa deni la dukani, kwa hiyo katika fungu lake hukatwa tena. Usiku wa mbalamwezi, ambapo dagaa hawafuati taa, hapati kitu, na deni halilali. Shemeji ndiye anayeokoa nyumba. Huchemsha dagaa wa watu kwa malipo, asubuhi huuza uji na vitumbua, na dagaa wake mwenyewe huwakausha na kuwauza kwa wachuuzi. Dagaa wa bahari hii husafiri kuliko sisi. Hufika hata Kongo.

Sasa habari ya mtoto. Ana umri wa miaka kumi, yuko darasa la nne, na kwa miaka miwili amekaa katika shule nne, kwa kufuata dago. Alinionyesha daftari lake la hesabu, ambalo lina wino mwekundu wa walimu watatu. Ukurasa mmoja umeanza kugawanya, ukurasa wa pili umerudi katika kujumlisha, maana shule aliyohamia ilikuwa nyuma, na wa tatu umeruka mpaka sehemu, maana shule nyingine ilikuwa mbele. Tangu hapo hakuna kurasa: shule iliyo karibu na dago hili ni mwendo wa saa moja na nusu katika mikoko, na maji yakijaa hakuna njia. Nikamwuliza, "Saba mara nane?" Akasita, akatazama mchanga. Nikamwuliza, "Sado saba za dagaa, kila sado shilingi elfu nane?" Akajibu elfu hamsini na sita kabla sijafumba kinywa.

Darasa la nne, kama mjuavyo ninyi walimu, watoto hupimwa kitaifa. Mtihani huo hauulizi sado. Basi usiku, tulipokwisha kula, nalimwambia mdogo wangu neno lililonileta: nipe mtoto, akae kwangu Bagamoyo, asome.

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, mwaka juzi ulisema hivyo hivyo."

Ni kweli. Mwaka juzi nalisema nitamchukua, kisha mke wangu akaugua, nikatuma salamu kwamba wangoje kidogo. Kile kidogo kikawa miaka miwili, na miaka miwili hiyo ndiyo shule nne. Sikuwa na la kujibu.

Nikafanya kosa la pili. Nikamwambia kwamba mtu hawezi kukaa namna hii siku zote kama ndege wa pwani, na kwamba mama yetu alipofariki mwaka jana yeye alikuwa dago, habari ilipomfikia na chombo kilipopatikana, alikuta kaburi. Hayo nalikuwa nimeyaweka moyoni mwaka mzima. Yalipotoka nikayajutia, maana nalimwona shemeji akiinamisha kichwa.

Mdogo wangu hakukasirika. Alichukua kijiti akawa anachimba mchanga. "Mimi nakaa na mke wangu na mwanangu," akasema. "Tunalala chini ya turubai moja. Wewe, kaka, wanao wawili wako bweni. Nyumba unayokaa si yako, ni ya kazi. Siku ukistaafu utapewa siku ngapi za kutoka?"

Wasomaji wapendwa, ninyi walimu na makatekista wenzangu, wengi wenu mko katika nyumba ya kazi kama mimi, nanyi mwajua jibu. Nina kiwanja njia ya Kaole. Miaka sita iliyopita nalichimba msingi, nikapanga mawe, kisha ada za shule zikaja, na ugonjwa ukaja, na msingi umebaki vile vile. Mbuzi wa jirani hulala humo. Wazee wale wa garini wana nyumba isiyo na msingi, nami nina msingi usio na nyumba, na mdogo wangu hana hata kimoja, lakini jioni wanakula wote sahani moja. Mabaharia husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na nimelisikia neno hilo tangu utoto. Usiku ule nalijiuliza ngama yangu iko wapi, kama si katika kiwanja cha mbuzi.

Hata hivyo daftari lile lilikuwa mbele yangu. Mtu mzima aweza kuchagua kulala garini, au mashuani, au mchangani. Wale wazee wawili walichagua, na nyuma yao wana benki, bima na binti wa kupokea barua. Mdogo wangu amechagua nusu, nusu nyingine amechaguliwa na deni. Yule mtoto hakuulizwa na mtu. Hata mimi, nakiri, nalimwuliza saba mara nane, sikumwuliza kama anataka kuja.

Aliyemwuliza ni mama yake, alfajiri, wakati wa kuwasha moto wa mapipa. Sikusikia waliyosema. Nalimwona tu mtoto amekaa juu ya dumu, shemeji akimsuka nywele kwa haraka, mikono yake ikiwa na magamba ya samaki. Kisha shemeji akanijia na kusema, "Shemeji, mchukue. Lakini likizo umlete mwenyewe, usitume mtu. Na ukiugua au asipougua mtu, usiseme tena tungoje kidogo." Nikaapa mbele yake. Mdogo wangu alikuwa bado baharini. Alirudi saa tatu na chombo kizito cha dagaa, akaambiwa, akaosha mikono, akamtwika mwanawe ndoo yenye nguo zake na daftari, na juu ya nguo akaweka dagaa wakavu sado moja. "Wa ada," akasema, ingawa anajua shule ya msingi ya serikali haina ada.

Kurudi tulipandisha tanga, kaskazi ikiwa nyuma yetu. Mtoto hakutapika. Aliniambia, "Baba mkubwa, tazama nchi."

Tulipofika ufuko wa Bagamoyo lile gari jeupe halikuwapo. Chini ya mivinje mchanga ulikuwa umefagiwa, hapana hata ganda la kiazi, ila alama za magurudumu zikielekea barabarani. Majirani walisema wamekwenda upande wa Tanga.

Jumatatu nalimpeleka shule. Mwalimu mpokeaji alikuwa mpole, akatupa karatasi ya kujaza: jina, kuzaliwa, mzazi, makazi. Nikaandika mtaa wetu. Yule mtoto, aliyekuwa akisoma pembeni kwa kidole, akauliza kama na dago liandikwe. Mwalimu akatazama karatasi, akasema nafasi ni mstari mmoja tu. Kisha akaitazama tena, akaigeuza upande wa nyuma, akampa mtoto kalamu.